Wakuu, Naombeni Kitabu Kizuri

Anza kwa salamu. Ukiingia kwenye grupu la watu mia saba ukaomba kitabu bila kusalimia, atakayekujibu ni mmoja tu, mwalimu mstaafu, naye atataka kujua umelelewa na nani. Kwa hiyo andika hivi: "Habari za muda huu wakuu. Naombeni kitabu kizuri cha kusoma." Ishia hapo. Usiseme unapenda hadithi za namna gani, usitaje kitabu cha mwisho ulichokimaliza, wala kilichokushinda katikati. Maelezo ya aina hiyo yanawabana wadau, na mdau akibanwa husoma ujumbe wako akapita zake. Wewe unataka majibu mengi, na majibu mengi huletwa na swali lisilo na kichwa wala miguu.

Mwongozo huu nimemwandikia msomaji aliyeko Manchira, mkoani Mara, ingawa wa Mugumu mjini, Nyamongo au Sirari anaweza kuutumia bila kubadilisha kitu. Nadhani ana simu janja, ana bando la siku, na ana jioni ndefu. Duka la vitabu lililo karibu naye ni steshenari, yaani mahali pa kutolea kopi cheti cha kuzaliwa na kununulia mitihani ya miaka iliyopita. Kitabu cha hadithi kikionekana pale, kipo kwa sababu mtaala umekitaja. Kimbilio lake basi ni mtandao, na mtandao kwa lugha ya hapa ni WhatsApp. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilipandisha ukubwa wa grupu kutoka watu 256 hadi 512, halafu hadi 1,024, kwa hiyo ukoo mzima unaenea humo pamoja na wakwe, na bado nafasi inabaki ya watu ambao hakuna anayejua waliingiaje.

Majibu huja kwa mtiririko ule ule kila mara. Wa kwanza ataandika "Biblia." Haitapita dakika, mwingine ataandika "Kurani Tukufu," na admini atakumbusha kwamba mada za dini zimepigwa marufuku humu. Watatu watasema "na mimi naomba." Mmoja ataandika "ngoja wajuzi waje," na wajuzi wenyewe, wakija, wataandika "nipo siti ya mbele." Katikati atajitokeza anayeuza vifaranga wa kuroila, na kwa dakika kumi mjadala utakuwa wa chanjo. Ndipo vitaanza kushuka vitabu, na cha kwanza kitakuwa Takadini.

Sina ugomvi na Takadini. Riwaya hiyo ya Ben Hanson, ya mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino akakimbia naye ili asiuawe, ni nzuri na inastahili kusomwa. Ila wengi wanaoipendekeza waliisoma kwa sababu kulikuwa na swali lake kwenye mtihani wa kidato cha nne, na baada ya mtihani ule hawakufungua kingine. Ndiyo maana kitafuatiwa mara moja na Ngoswe ya Edwin Semzaba na Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo. Hapo hupendekezewi vitabu, unasomewa ratiba ya shule. Akitokea wa kukuuliza "dhamira kuu ni zipi?" usishangae. Amezoea.

Baada ya mitihani huja pesa. Rich Dad Poor Dad ya Robert Kiyosaki, iliyotoka 1997. Think and Grow Rich ya Napoleon Hill, ya 1937, wakati Mugumu haijafikiria kuwa mji. The 48 Laws of Power ya Robert Greene, ya 1998. Vitatu hivi hutajwa pamoja na mtu yule yule, na kwa kawaida ni yule yule aliyekufuata inbox wiki iliyopita kuomba umwazime elfu kumi. Kiyosaki amekulia Hawaii, na baba zake wawili wanatofautiana kuhusu nyumba za kupangisha na namna ya kutofanyia pesa kazi. Huku kwetu baba tajiri anajulikana kwa kutazama zizi, na ukimshauri auze ng'ombe anunue hisa atakuuliza hizo hisa zimewahi kumwozesha nani.

Hapa naomba uzingatie kanuni ya umbali, maana wageni wengi huivunja. Kitabu kizuri sharti kitoke mbali. Kama nyumbani kwa mwandishi panafikika kwa basi na kivuko, huyo si mwandishi, ni jirani. Chukua Ukerewe. Unatoka Mugumu, unashuka Bunda, unaelekea Kisorya, unapanda kivuko hadi Rugezi, umefika. Huko, kijijini Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, iliwatia wakubwa kiwewe hata ikazuiwa shuleni kwa muda, kwa sababu ilieleza bila kupepesa yanayompata binti akiondoka kwa baba mkali na kukutana na wanaume wanaomsubiri njiani. Miaka ilivyokwenda ikaingia kwenye mtaala. Kitabu kilichopigwa marufuku, halafu kikageuzwa kuwa lazima: sijui grupu gani lingekosa cha kubishania hapo. Lakini ni cha jirani, kwa hiyo hakitajwi.

Kisiwa hicho hicho kilikuwa na Aniceti Kitereza. Huyu aliandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasiojaliwa mtoto, na wakwe wanaoamua kumrudisha binti yao nyumbani. Myombekere anamfuata mkewe, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Mtu wa Mara aliyewahi kukaa kwenye kigoda akisubiri wakwe waanze kuzungumza hahitaji kutafsiriwa chochote. Kitereza alimaliza kuandika mwaka 1945. Wa kuchapisha hakupatikana. Mwisho akaigeuza kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa 1980, na 1981 mzee akafariki. Miaka thelathini na mitano alisubiri. Wewe umeomba kitabu saa mbili usiku, na saa mbili na robo unaandika, "Wakuu, bado tu?"

Butiama ni karibu zaidi, kwa hiyo haifai kabisa. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairudia na kuirekebisha hadi ikatoka upya 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Alikuwa na nchi changa ya kuongoza. Wadau wetu wana shughuli nyingi kuliko hizo.

Sasa hatua ya tatu, softi kopi. (Ya pili ilikuwa kupokea majibu, umeshaipita.) Ukitajiwa jina la kitabu usiulize kinahusu nini. Uliza, "Mwenye softi kopi?" Swali hilo ndilo linalomtenga mdau mzoefu na mgeni. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, magrupu yalifurika pongezi, kisha ubishi ukawaka kama ni wetu au ni wa Waingereza, na kila upande ulikuwa na hoja nzito ambazo hazikuhitaji mtu asome hata ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota, nyumba ya uchapishaji aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, ikatoa Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa jina la Peponi. Kisingizio cha lugha kikafa. Kitaje leo kwenye grupu: komenti ya kwanza itakuwa ile ile ya softi kopi, na ya pili itakuwa ya mtu anayeshangaa kusikia kwamba vitabu bado vinauzwa.

Faili litakuja likiitwa DOC-20230714-WA0012. Hilo ndilo jina la kitabu kuanzia sasa, na ndilo utakalolitumia ukiwatumia wengine. Ukilifungua utakuta kurasa zilizopigwa picha kwa simu, zimelalia upande, ukurasa wa 47 ukifuatiwa na wa 64. Pembeni kushoto kipo kidole gumba cha aliyepiga picha, kina plasta. Katika sura ya tatu plasta haipo tena. Ukikaza macho unaweza kufuatilia uponaji wa kidole kile vizuri kuliko kisa chenyewe.

Zamani hatukuwa na urahisi huu. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya 1974, na visa vya Joram Kiango vya Ben Mtobwa, vilitembea kwa mkono, kutoka bweni hadi bweni, kutoka kwa utingo wa basi hadi kwa dada yake. Vikifika kwako havina gamba, unaanzia ukurasa wa tisa, na mpelelezi Willy Gamba ameshaingia matatani bila wewe kujua nani kamtuma. Mgongo umeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia. Pembe za kurasa zimelainika kwa mate ya watu usiowafahamu. Hakuna aliyekuambia kitabu ni kizuri. Ulikuwa unakitazama tu, unajua kimepita mikononi mwa watu wangapi na kwamba hakuna aliyekubali kukitupa.

PDF haina unyonge huo. Inaweza kupita kwenye simu elfu moja ikabaki mpya, na huwezi kujua kama kati ya elfu hao yupo aliyeifungua. WhatsApp imejitahidi kidogo: ujumbe ukishapita mikono mitano na kuendelea huwekewa mishale miwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Alama hiyo inatambua wasambazaji. Ya kutambua wasomaji bado haijabuniwa, na siku ikibuniwa magrupu ya vitabu yatakufa kifo cha ghafla.

Kama unataka kujipima, fanya zoezi moja dogo. Omba kitabu kinachohusu kwenu. Andika, "Naomba kitabu kuhusu Serengeti." Utapewa simba. Utapewa na nyumbu, na picha za machweo, na juu ya wote Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuja na mwanawe Michael wakahesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa ndege ilipoanguka Januari 1959, na filamu yao, Serengeti haipaswi kufa, ikapata Oscar. Ni kisa kikubwa na cha huzuni. Lakini msomaji wa Manchira anaweza kuuliza kwa upole, pamoja na hesabu yote ile, ukoo wake ulihesabiwa kwenye safu ipi.

Watu wapo, ila wamewekwa kwenye rafu nyingine. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani, alitoa mwaka 2003 Telling Our Own Stories, mkusanyiko wa historia ambazo wenyeji wa kusini mwa Mara walikuwa wameziandika wenyewe. Mwaka 2007 akatoa Imagining Serengeti, inayowahusu Waikoma, Wanata, Wangoreme, Waikizu na wengineo, na jinsi nchi ilivyokumbukwa na watu walioishi humo kabla ya kuchorewa mpaka. Cha kwanza kilichapishwa na Brill ya Uholanzi, cha pili na Chuo Kikuu cha Ohio. Kwa hiyo kanuni ya umbali haikuvunjwa: maneno ya babu zetu yalikwenda kwanza ng'ambo, na sasa yana hadhi ya kupendekezwa, kwa bei ambayo ungepata mbuzi.

Tuje kwenye podikasti. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni takribani MB 58. Liweke hilo akilini kabla hujamshukuru aliyekutumia kiungo. Wadau watakupendekezea Wamarekani wanaozungumza saa tatu mfululizo kuhusu faida za kuamka saa kumi alfajiri na kuoga maji ya baridi. Kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwa sababu tembo wameingia kwenye mahindi, na anayeoga maji ya baridi kwa sababu ndiyo yaliyopo, haya huwa ni marudio. Shukuru hivyo hivyo. Andika "madini matupu." Kama grupu ni la Nyamongo andika "nondo," maana madini kule ni mada nyingine.

Usikubali mtu akuambie kwamba kusikiliza hadithi kwa vipande kumeletwa na simu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake kwenye vituo vya njiani, na nchi ilimfuatilia ikijua kabisa anakoelekea. Mchezo ulikuwa wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na watafiti, Everett Rogers akiwemo, waliufuatilia kwa makini. Ili wapate pa kulinganishia, Dodoma ilinyimwa matangazo hayo hadi 1995. Kwingine waliona waume na wake wakizungumza zaidi juu ya uzazi. Dodoma sijui walifidiwa nini kwa kumkosa Mkwaju miaka yote ile.

Hakuna aliyepata mchezo ule kwa kupendekezewa na mtu asiyemjua. Ulisikia kwa jirani, ukasogea. Na aliyetaka kutambulika alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya anaowasalimu, wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja na kijiji chake, akamalizia kwa ujumbe, akaituma redioni kwa posta. Kulikuwa na watuma salamu waliojulikana mikoa yote kwa lakabu zao. Wale watu walikuwa na subira. Jina lako lilisomwa mwezi wa tatu na ulikuwa umetuma kadi ya Krismasi.

Siku hizi kazi ya Mkwaju inafanywa na simulizi. Ukitaka kuziona zikifanya kazi ondoka kwenye grupu, nenda kijiwe cha bodaboda. Pikipiki imeegeshwa kivulini, spika ndogo imefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Sauti nzito inasoma habari za dada wa kazi, bosi, mke wa bosi na mganga wa kutoka mbali. Sehemu ya kumi na nne inakatika mlango unapofunguliwa.

"Mura, weka ya kumi na tano."

"Sina."

"Huna, au hutaki?"

"Bando limekata."

Wanachangishana mia mia mbili mbili. Abiria mmoja amesimama pale na kiroba chake cha mahindi, mashine inamsubiri, hajataja hata anakokwenda. Swali lake la kwanza ni nani kafungua ule mlango. Dereva mwingine, aliyelala juu ya pikipiki kofia imemfunika uso, anasema bila kuinuka kwamba mtunzi ni mwongo, kwa sababu sehemu ya tisa bosi aliuza gari, na sehemu ya kumi na mbili amerudi nalo. Watu wanamzomea. Mwingine anasema ni gari la pili. Wanabishana hadi wanairudia sehemu ya tisa, na kweli, gari liliuzwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema simulizi ni nzuri.

Jinsi walivyoipata ni habari ya kawaida. Kuna ukurasa wa Facebook ambapo mtunzi huweka kipande, akaandika "Itaendelea. Komenti NEXT," na watu mia tatu wanaandika NEXT. Kikifika pazuri anaweka namba ya simu: anayetaka zote hadi mwisho atume elfu mbili. Wachache wanalipa, mmoja kati ya wachache anazisambaza, kijana wa kibanda cha kuchajia simu anazipakia kwenye memori kadi, na zinasafiri hadi Manchira zikiitwa AUD na tarakimu nyingi mbele, bila jina la mtunzi. Kezilahabi walau jina lake lilibaki kwenye gamba.

Kuna podikasti ambazo zingefaa kufika na hazifiki. Ng'ambo ya Sirari, Wakenya wametengeneza kwa Sheng podikasti ya Until Everyone Is Free, inayomhusu mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Nairobi Februari 1965. Mtu wa Tarime anayevuka kwenda Isebania kununua sukari ataielewa Sheng ile vizuri kuliko mtu wa Masaki. Kevin Mwachiro ana Nipe Story, ambamo husomwa hadithi fupi za Waafrika. Huku kwetu Salama Jabir amewakalisha wasanii na wanamichezo kwenye Salama Na akawauliza maswali kwa utaratibu ambao redio zetu nyingi zimeuacha. Vitu hivi hupendekezwa kwenye grupu mara moja tu, saa sita usiku, na mtu asiyeongea mara kwa mara, bila maelezo. Ujumbe unaofuata ni picha ya maua ya waridi imeandikwa "Usiku Mwema." Kufikia asubuhi kiungo kimefukiwa chini ya maua.

Hatua ya nne nimeiondoa kwa kukosa watumiaji. Ilihusu kusoma.

Hatua ya tano ni wewe mwenyewe kuwa mpendekezaji, na hapa ndipo heshima ilipo. Sema kitabu kitabadilisha maisha yao. Usieleze kilivyobadilisha yako, maana wapo wanaokujua. Weka picha ya gamba pamoja na kikombe cha chai. Ukiulizwa, "Umekimaliza?" jibu, "Nakirudia." Ukiulizwa mhusika mkuu anaishia wapi, sema hutaki kuwaharibia wenzako utamu. Ukibanwa zaidi, toa kitabu kingine. Mpendekezaji hodari hasimami kwenye kitabu kimoja muda wa kutosha kukamatwa. Ukifikisha vitabu ishirini utaanza kuitwa "mjuzi," na ukifikisha hamsini utafunguliwa grupu lako, ambalo admini ni wewe, na mada za dini utazipiga marufuku wewe.

Nimalizie kwa tahadhari. Katika kila grupu yupo mtu mmoja wa kujihadhari naye. Ukiomba kitabu kizuri, yeye hatoi jina. Anakuuliza kilichokushinda mara ya mwisho ni kipi, na ulikiachia wapi. Ukimtajia Myombekere anakuambia kwamba ndiyo, ni kitabu kikubwa, ila mzee Kitereza haachi kitu, kila chombo kinaelezwa kinavyotengenezwa, pombe inapikwa hadi unasikia harufu, na kuna jioni aliyoichoka akakifunika, akakifungua tena kesho yake kwa sababu alitaka kujua kama wakwe wataridhika. Ukimtajia podikasti anasema ruka dakika ishirini za mwanzo, wanachekeana wenyewe kwa wenyewe. Kitabu ambacho grupu zima limekisifu anasema aliishia sura ya pili, na anataja kilichomkera. Hatumi faili. Anasema ninacho, kiko Mugumu kwa dada yangu, ukienda sokoni mpitie, ila kirudishe.

Mtu wa aina hii anaua mjadala. Akishaandika yeye, watu wa siti ya mbele hawana la kuongeza na vifaranga hawauziki. Admini ameshamwonya kuhusu ujumbe mrefu, na wapo waliomwita mjuaji. Siku zake humo zinahesabika. Likianza suala la kumtoa, unga mkono, tena hadharani, kwa dole gumba.

Ila kabla hajatolewa, chukua namba yake.